Lefty wa Donnie Brasco hakuuawa

Wengi huuliza kama Lefty, yule jambazi wa mafia kwenye filamu ya Donnie Brasco (1997), aliuawa kweli. Hapana, hakuuawa. Ile sehemu anayovua vito na kuviacha kwenye droo kabla ya kutoka ni ya filamu tu. Lefty halisi, Benjamin Ruggiero, alikamatwa na FBI mwishoni mwa Agosti 1981, kabla wenzake hawajamfikia kumuua. Alihukumiwa miaka 15, akatoka 1992 na kufa kwa saratani 1994. Aliyelipa kwa damu ni bosi wake, Sonny Black Napolitano: aliitwa kikaoni Agosti 1981 akapigwa risasi, na mwili ukapatikana mwaka uliofuata Staten Island, mikono imekatwa. Kosa lake ni kumwamini Joe Pistone, mpelelezi wa FBI aliyejipenyeza kwa jina la Donnie Brasco, hadi kutaka aingizwe rasmi kwenye familia ya Bonanno, kundi lao la mafia la New York.

Suala la Donnie kukaribia kugeuka jambazi nalo limetiwa chumvi nyingi. FBI ilimtoa Pistone kwenye kazi hiyo ya siri Julai 1981, na kuanzia 1982 alipanda kizimbani kutoa ushahidi dhidi ya watu hao hao, akiwemo Lefty. Ila ukaribu wao ulikuwa wa kweli. Lefty ndiye aliyemdhamini mbele ya wakubwa, na kwa mafia mdhamini hujibu kwa roho yake.