Zari ya joho na «d» iliyopotea

Swali: Nimesoma kwamba sauti moja ya kale ya lugha za Kiirani ilitoka z katika Kiavesta, lugha ya maandiko matakatifu ya Wazoroasta, na d katika Kiajemi cha Kale. Mkono ni zasta kule, dasta huku, na Kiajemi cha leo husema dast. Mbona basi dhahabu kwa Kiajemi ni zar, neno lililotupatia zari ya majoho, wala si dar? Kanuni imevunjika?

Jibu: Kanuni iko palepale. Kilichobadilika ni neno lenyewe.

Umbo la kale wataalamu huliandika *dzaranya. Nyota hiyo ni ungamo: hakuna aliyelikuta limeandikwa, limeundwa upya kwa kulinganisha mabinti zake. Kiavesta kina zaranya. Kisanskriti, binamu wa upande wa India, kina hiranya. Na hiyo d unayoitafuta ipo! Mfalme Dario wa Kwanza wa Uajemi (522–486 KK), katika maandishi ya jumba lake la Susa, anasema dhahabu ililetwa kutoka Sardis na Bactria, na dhahabu hapo ni daraniya. Kanuni imetii kabisa.

Ila daraniya halikudumu. Kiajemi cha Kati, kilichofuata kile cha Kale, tayari kinasema zarr (rn imekuwa rr, kama kawaida yake), na ile z ni alama ya ugeni. Imetoka lugha za kaskazini-magharibi, upande wa wale Wamedi tunaowasoma katika kitabu cha Danieli, ambako ile sauti ya kale ilitoka z. Hata leo Mkurdi, ambaye lugha yake ni ya kundi hilo, husema zanîn, kujua, Mwajemi dânestan. Mbaluchi, naye wa kundi hilohilo, huita moyo zird, Mwajemi del. Wamedi walitawala kabla ya Waajemi, na Kiajemi cha Kale kimejaa maneno yao ya heshima na ya utawala. Mimi sishangai dhahabu kuwa miongoni mwa yaliyokopwa: neno hilo ni la safari, hata Wakomi wa kaskazini mwa Urusi, ambao lugha yao haina undugu na hizi, huita dhahabu zarni, walilolitoa kwa Wairani.

Usije tu ukaona kila z ya Kiajemi ukaiita ya Kimedi. Zan, mwanamke, ni neno la nyumbani: z yake imetokana na j ya kale, na Kiavesta kinasema jaini.