Ukitaka kuona ndege Saadani, anza na maji

Juzi dada mmoja kaniandikia inboksi, kaenda Saadani, ile hifadhi ya taifa iliyo pwani, kutafuta ndege karudi mikono mitupu, anasema "nyie mnaopost ndege mnatudanganya." Dada yangu pole, mimi safari yangu ya kwanza niliumia hivyohivyo.

Nilitoka Bagamoyo alfajiri na darubini ya kuazima, hela ya gari na kiingilio nimejichanga miezi mitatu. Saa nne tuko ufukweni, maji yamekupwa mpaka kuleee, tope tupu, ndege ni vidoadoa tu. Dereva ananiambia dada achana na hivyo vindege twende tukaone twiga. Nililia ndani ya gari na sioni aibu kusema.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mvuvi hapa soko la samaki. Kaniuliza kitu kimoja tu, mwezi ulikuwaje? Ulikuwa mpevu. Akasema basi hilo bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapwa saa nne yanajaa saa kumi, wewe umemfuata mtu nyumbani wakati yuko shamba.

Ndo ilivyo. Kitwitwi na ndege wenzake wa ufukweni wanakula kwenye tope, maji yakipwa wanatawanyika mbali, yakijaa yanawasukuma huku juu mchangani na kwenye mashamba ya chumvi. Novemba nikarudi, siku za bamvua tena, saa nane nishakaa chini kimya, na maji yakawa yananiletea ndege kundi baada ya kundi. Sululu mmoja, ndege mwenye mdomo uliopinda kama mundu, alimchomoa kaa shimoni hatua kama kumi toka nilipo, akamtikisa mpaka mguu ukang'oka, akammeza. Hiyo picha naringa nayo mpaka leo.

Kwa hiyo nendeni kati ya Septemba na Aprili, angalieni mwezi kabla hamjatafuta gari, kaeni chini, msiwafuate, waacheni waje wenyewe. Na jamani msiwakimbize! Siku ile kijana mmoja alikimbilia kundi zima lipae apate video, nikamfokea mbele ya watu na ningemfokea tena. Wengine hao wanatoka kuzaliana Siberia, na ikifika Machi wanakula wajaze mafuta ya kurudi huko, kila ukiwarusha unawaunguzia akiba. Tujifunze kukaa na kiumbe bila kumsumbua, hata watoto wetu tuwafundishe.

Dada, nijibu basi. Mwezi ukiandama tu naenda tena, kwenye gari kuna siti moja, tunatoka saa tano asubuhi.