Picha 40, na kuta hazipigwi msumari

SWALI: Chuo chetu cha Kikristo kimewaalika wachoraji wa mtaani, wakubwa kwa wadogo, waonyeshe kazi zao kwa wiki mbili katika ukumbi wa ibada. Tuna picha 40, nyingi zina upana wa sentimita 60 hivi. Kuta ni za mawe na haturuhusiwi kupiga msumari hata mmoja. Tutundike wapi? Na je, lazima kila picha iwe na habari za Biblia? – Mwalimu, Kasarani

JIBU: Mwalimu, ziacheni kuta. Mwiteni seremala awatengenezee vibao vya kusimama. Shiti ya plaiwudi ya milimita 12, ile ya futi 8 kwa 4, ilazwe kwa urefu wake juu ya miguu ya mbao, ukingo wa chini uwe sentimita 80 kutoka sakafuni. Kila upande utabeba picha 3, zikiachana kwa sentimita 15. Shiti 7 zinatosha, lakini nunueni 8 ili muziunge mbilimbili kwa bawaba, zisimame kama kitabu kilichofunguliwa nusu. Kibao kilichosimama peke yake huanguka mtoto mmoja tu akikiegemea. Skrubu isizidi robo tatu ya inchi (milimita 19), na isikazwe yote: kichwa kibaki nje kama milimita 8 kushika waya. Ndefu zaidi, au iliyokazwa yote, itatokea upande wa pili na kutoboa picha ya mwenzake.

Urefu wa kutundika ndio unaowashinda wengi. Husawazisha vichwa vya fremu, kisha picha ndogo zikaonekana zinaning'inia juu. Kinachosawazishwa ni katikati ya picha: sentimita 150 kutoka sakafuni. Tuseme fremu ina kimo cha sentimita 60. Nusu yake ni 30. Uvute waya wa nyuma kwa kidole, kama utakavyovutika ukibeba uzito, upime kutoka hapo hadi juu ya fremu. Ukipata 8, toa kwenye 30, zibaki 22. Ziongeze kwenye 150: skrubu inaingia kwenye 172. Ukipima waya ukiwa umelegea, picha itashuka chini ya zingine.

Angalieni jua pia. Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hiyo madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo huingiza miale mikali asubuhi na jioni. Michoro ya rangi za maji hufifia. Iwekeni mbali na madirisha hayo.

Kuhusu Biblia, hapana, si lazima. Tena hata hadithi za Biblia zenyewe zinaweza kuvaa sura ya nyumbani: Elimo Njau, alipochora kuta za kanisa kuu la Murang'a katika miaka ya 1950, aliyaweka maisha ya Yesu katika mandhari ya Wagikuyu. Mama mboga kibandani mwake, akichorwa kwa uangalifu, anastahili ukumbi huo. Kama kuna msichoweza kupokea, kiandikeni kwenye mwaliko. Kumrudisha mtoto mlangoni na picha yake mkononi ni kumuumiza bure.

Siku ya kupokea, andikeni jina la mchoraji, vipimo, bei, mikwaruzo iliyopo na asilimia ambayo chuo kitachukua, kisha wote wawili watie sahihi na mchoraji apewe nakala. Ugomvi mwingi wa maonyesho huanzia kwenye asilimia iliyotajwa kwa mdomo tu. Picha ikinunuliwa, bandikeni kidoti chekundu kwenye lebo, kamwe si kwenye fremu, kwa sababu gundi yake hung'oa vanishi.