Muulize Mwalimu: Huyu wa Kushoto Mbona Hatulii Timu Moja?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni bawabu wa usiku kwenye ghala moja huku Shimanzi. Besiboli ya Marekani inanifaa, maana mechi ikianza saa moja jioni New York, huku ni saa nane usiku na mimi niko macho na simu yangu. Nimempenda mrushaji mmoja wa mkono wa kushoto, wale wanaoingizwa mechi ikielekea mwisho. Mwezi wa tano alikuwa hagusiki. Mwezi wa sita kapigwa usiku mmoja tu, wakamteremsha ligi ndogo, wakampandisha, wakamteremsha tena, na sasa nasikia kauzwa. Kosa lake nini? Ndugu yangu mdogo naye ana mashoto, na nyumbani wanasema huo mkono una mkosi. Naanza kuwaamini. — Bawabu, Shimanzi*

Marahaba, mwanangu. Mkosi tuuweke kando kwanza, tushike kalamu.

Mrushaji hupimwa kwa mikimbio (alama za wapinzani) anayoruhusu kwa kila vipindi 9, yaani mechi nzima; kipimo kikiwa kidogo ndiyo sifa. Tuseme kijana wako alikuwa amerusha vipindi 10 na kuruhusu mikimbio 2. Kipimo chake ni 1.80, na kila mtu anamsifu. Usiku ule mmoja akaingia, akamtoa mpigaji mmoja tu (theluthi ya kipindi), akaruhusu mikimbio 4. Piga hesabu: kipimo kimeruka hadi 5.23. Sasa mchukue mwenzake anayeanzisha mechi, aliyekwisha kurusha vipindi 100 na kuruhusu mikimbio 30. Balaa lile lile likimkuta, anatoka 2.70 kwenda 3.05, na hakuna atakayeshtuka. Mkono ni ule ule na usiku ni ule ule, ila huyu wa kuingizwa hana akiba ya kumfichia aibu. Mwaka mzima anaweza kurusha vipindi sitini tu au sabini. Kwa hiyo ukimhukumu kwa mwezi mmoja, unamhukumu kwa vipindi kumi.

Kuhusu kupandishwa na kuteremshwa, mara nyingi hata hajakosa kitu. Klabu inakuwa imemrusha jana na juzi, mkono umechoka, na leo wanataka mtu mwenye mkono mpya. Wanamteremsha yeye, wanampandisha mwingine. Tangu 2022 kanuni inasema mchezaji hateremshwi hivyo zaidi ya mara 5 kwa msimu, na mrushaji akishuka anakaa huko siku 15 kabla ya kuitwa, labda pawe na majeruhi. Wewe uko jirani na bandari, umewaona vibarua wanaosubiri langoni majina yaitwe. Asiyeitwa leo si kwamba jana alibeba vibaya.

Halafu kuna sheria ya 2020, ambayo mimi binafsi siipendi. Zamani kulikuwa na kazi maalumu ya watu wa kushoto. Mpigaji hatari wa kushoto akija, kocha anamwita mrushaji wa kushoto, anarusha mipira minne mitano, anatoka, basi, kazi ya siku imekwisha. Faida yake ni kwamba kwa mpigaji wa kushoto mpira huo unaanzia upande wa mgongo wake, akauona kwa kuchelewa. Watu walilea familia kwa kazi hiyo miaka kumi na zaidi. Sheria mpya inamtaka kila anayeingia akabili wapigaji 3 angalau, au amalize zamu ile ya timu pinzani, isipokuwa ameumia au ameugua. Walitaka kupunguza kusimamasimama, sawa, lakini yule aliyejua kuwatoa wa kushoto peke yao sasa lazima akutane na wa kulia nao, na hao wanamuona vizuri sana.

Msome Andrew Miller, usiku ukiwa mrefu. Mwaka 2006 Detroit walimchagua wa 6 katika wachezaji wote chipukizi, na mwaka huo huo akaingia ligi kuu. Mwaka uliofuata wakamtoa kwa Florida katika mauzo yaliyomleta Miguel Cabrera. Huko kama mwanzishaji wa mechi hakufua dafu. Mpira haukwenda alikotaka. Akaenda Boston, na 2012 wakamfanya mrushaji wa kuingia mwishoni. Akageuka mtu mwingine kabisa. Baltimore wakamtaka, kisha New York Yankees wakampa dola milioni 36 kwa miaka minne, na kabla hata miaka miwili haijatimia wakamuuza Cleveland. Msimu ule wa 2016 alirusha vipindi 74 na ushei, akawaangusha wapigaji 123, akatangazwa mchezaji bora wa fainali ya ligi yao ya Amerika. Wiki mbili baadaye, mechi ya saba ya ubingwa, David Ross wa timu pinzani, mdakaji mkongwe aliyekuwa akiaga mchezo, akaupiga mpira wake ukavuka uzio. Baada ya hapo goti, bega, St. Louis, na 2022 akastaafu. Hesabu klabu alizopita, uone kama kuuzwa ni fedheha.

Ukitaka wa kukupoza moyo, yuko Jesse Orosco, naye wa kushoto: mechi 1,252 kuanzia 1979 hadi 2003, na hakuna mrushaji aliyecheza nyingi kumpita. Aliacha akiwa na miaka 46.

Ndugu yako mwambie aanze na kriketi, maana uwanja wa Mombasa Sports Club hauko mbali nanyi. Nilipokuwa nikifundisha michezo, mrushaji wa kushoto nilimtafuta kwa tochi. Na wazee wa nyumbani waambie mkono wa kulia abaki nao wa kulia chakula, hapo hatuna ugomvi.

*Mwalimu, barazani kwetu tunabishana. Mmoja anasema mtu wa kulia anaweza kujifunza kurusha kwa kushoto akawa bingwa. Wengine tunacheka. — Wa Kibokoni*

Punguzeni kicheko. Billy Wagner, mtoto wa Virginia, alizaliwa wa kulia. Utotoni akauvunja mkono huo, ukapona, akauvunja tena, ndipo akaanza kurusha kwa kushoto. Aliokoa mechi 422, yaani aliingia mwishoni timu yake ikiongoza kidogo akalinda ushindi, akapasuliwa kiwiko 2008, akarudi, na akaacha 2010 kipimo chake cha msimu huo kikiwa 1.43. Ukumbi wa magwiji ulimkubali 2025, mwaka wa kumi na wa mwisho kupigiwa kura. Lakini angalieni: alianza akiwa mtoto mdogo. Anayetaka kuanza na ndevu, mcheke.

*Mwalimu, mwanangu ana miaka 13, ana mashoto. Anacheza kriketi na kutwa nzima anarusha mpira ukutani. Kiwiko kinamuuma upande wa ndani. Bibi yake anataka akakandwe. — Mama wa Mikindani*

Dada yangu, asikandwe. Na leo hii aache kurusha. Upande huo wa ndani mfupa wa mtoto wa umri wake bado unakua, haujashikana sawasawa, na kila akirusha kwa nguvu unavutwa. Mpeleke hospitali apigwe picha.

Sidhani ni ule urushaji wa kriketi wenyewe unaomuumiza, maana pale mkono unanyooshwa. Mshukiwa ni huo ukuta, na kurudisha mpira kwa nguvu kutoka mpakani. Marekani, mwongozo wa watoto wa besiboli unasema mwenye miaka 13 asizidishe mipira 95 kwa siku, na akipitisha 65 apumzike siku 4. Muulize mwanao ukutani anarusha mingapi. Hatajua, maana hahesabu.

Watakutajia upasuaji wa Tommy John, kwamba siku hizi kiwiko kinatengenezwa. Ni kweli. Tommy John mwenyewe alikuwa mrushaji wa besiboli, naye wa kushoto. 1974 daktari Frank Jobe alichukua kano ya mkono wake wa kulia akaipachika kiwiko cha kushoto. Msimu wa 1975 wote hakucheza, kisha akarusha hadi 1989. Lakini huyo alikuwa mtu mzima mwenye mshahara. Kwa mtoto wa darasani, pumziko ni bure.

Kocha akisema maumivu ndiyo mazoezi, mtoe kwenye timu hiyo. Majibu ya picha yakitoka niandikie, nikueleze namna ya kumrudisha uwanjani polepole.