Muulize Mwalimu: Bomu la haidrojeni ni la nani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kijiweni kwetu hapa Bahi tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mmoja anasema bomu la haidrojeni ni la Einstein, mwingine anashikilia Oppenheimer. Mimi nasema si huyu wala yule, ila sina jina la kuwapa. Halafu, hii urani iliyokuwa inatafutwa huku kwetu, ndiyo inayotumika? – Msomaji, Bahi.

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeshinda, wakulipie kahawa. Einstein alitia sahihi tu barua ya kumtahadharisha Rais Roosevelt wa Marekani mwaka 1939, tena ilihusu bomu la atomiki. Oppenheimer, aliyeongoza wanasayansi wa bomu la atomiki, ndiyo kabisa: mwaka 1949 kamati ya ushauri aliyoiongoza ilipinga hili la haidrojeni lisitengenezwe.

Wanaotajwa sana ni wanasayansi Edward Teller na Stanislaw Ulam, na ni haki yao. Mapema 1951 walifumbua fumbo: bomu la atomiki lilipuke kwanza, mionzi yake ya eksirei iibane fueli ya pili kabla kila kitu hakijatawanyika. Kwa hiyo urani ni kiberiti. Mkaa wenyewe ni haidrojeni nzito, ambayo imo hata kwenye maji ya kisima chako, atomi moja katika kila 6,400 hivi. Usianze kuchemsha ndoo.

Lakini wazo si mchoro. Aliyechora ni kijana wa miaka 23, Richard Garwin, aliyepata kuwa mwanafunzi wa mwanafizikia Enrico Fermi kule Chicago, akaenda Los Alamos, maabara ya silaha za nyuklia ya Marekani, kufanya kazi wakati wa likizo. Teller alimwomba abuni jaribio la kumaliza ubishi kama wazo lile litafanya kazi, na Julai 1951 mchoro ukawa mezani. Tabu ilikuwa moja: haidrojeni ile ilitakiwa iwe kimiminika, yaani baridi ya nyuzi kama 250 chini ya sifuri. Unaitunzaje? Kwenye chupa ya chai. Sitanii. Ya kwetu ilimponyoka mjukuu jikoni, na nilipokuwa nazoa vile vigae vinavyong'aa kama kioo nikamwonyesha: kuta mbili, katikati hamna hewa, joto halina pa kupita. Ya Garwin ilikuwa hiyo hiyo, ila mtambo mzima ulizidi tani 70. Hakuna ndege ingeubeba kwenda vitani.

Tarehe 1 Novemba 1952 waliulipua kwenye kisiwa cha Elugelab, Visiwa vya Marshall. Nguvu yake ilikuwa megatani 10.4, yaani sawa na tani milioni 10.4 za baruti ya TNT, karibu mara 700 ya bomu la Hiroshima. Kisiwa hakipo tena. Kimebaki shimo chini ya bahari, upana wake karibu kilomita 2. Teller hakuwepo. Alikaa Berkeley, California, anaangalia kipima tetemeko, alama ilipocheza akapeleka simu ya maandishi: "Ni mvulana," yaani limefaulu. Mimi maneno hayo yananikera mpaka leo.

Garwin alikaa kimya. Teller ndiye aliyemtaja mwaka 1979, kwenye kanda aliyorekodi baada ya ugonjwa wa moyo, na umma ukaja kusikia mwaka 2001. Wakati huo Garwin alikuwa ametumia miongo mingi kuzishauri serikali za Marekani zipunguze silaha hizo hizo. Alifariki Mei 2025, akiwa na miaka 97.

Jina linaandikwa G-a-r-w-i-n. Usije ukashindwa kwa herufi.