Injeksheni inazunguka lakini haiwaki: sikiliza kwanza, spana baadaye

Msimu wa korosho uliopita nilitoka Mtwara mjini alfajiri naenda Newala, shemeji yangu alikuwa anasubiri mnada na alitaka mtu wa kumsaidia kukimbizana na makaratasi. Nina pikipiki Honda ya 250 ya mtumba, injeksheni, yaani mafuta yanapulizwa kwenye injini kwa umeme, sio kabureta, na kusema ukweli mpaka siku ile nilikuwa najisifu kwamba haijawahi kunisumbua. Nilivyopita Nanyamba nikaona mafuta yamebaki mstari mmoja, na mimi mvivu wa kurudi nyuma kutafuta sheli, nikaona chupa zimepangwa kwenye meza pembeni ya barabara nikasema niongeze lita mbili tu zinifikishe Tandahimba. Usiku ule mvua ilikuwa imepiga sana. Hilo nilikuja kulikumbuka baadaye.

Sikwenda mbali. Ikaanza kukohoa, ikavuta, ikakata, ikavuta tena, afu kimya. Napiga selfu, ile mota ya kuwashia, inazunguka vizuri tu, we-we-we-we-we, ila hakuna hata dalili ya kutaka kuwaka. Nikaisukuma mpaka kwenye kijiwe cha boda chini ya mkorosho na pale ndo mkutano ukaanza, kila mtu ana dawa yake. Mmoja, mwalimu vuta choki. Haina choki. Mwingine, fungulia kabureta umwage uchafu. Haina kabureta. Fundi wa pale kijana mmoja mchangamfu kweli kwenye Boxer ila hii alikuwa anaizunguka kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba, akaniambia kaka hii tuisukume kwenye mteremko. Tukasukuma. Tukachoka.

Hapo kwenye kusukuma niseme kitu. Injeksheni inahitaji umeme kabla ya kitu kingine chochote, pampu ya mafuta iko ndani ya tenki inaendeshwa na betri, injekta inayopuliza hayo mafuta inaendeshwa na umeme, kompyuta inayoongoza injini nayo umeme, kwaiyo kama betri imekufa kabisa unaweza kusukuma mpaka Masasi na isiwake. Kabureta ilikuwa inashusha mafuta yenyewe kwa uzito, hii haishushi. Na usidanganyike na selfu kuzunguka, maana betri iliyochoka inaweza kuzungusha injini huku volti zimeshuka mpaka kompyuta inashindwa kufanya kazi yake. Betri nzima iliyotulia inasoma kama volti 12.6 hivi kwenye testa ya umeme, na ukipiga selfu ikishuka chini ya 10 basi anza na hiyo, chaji au azima nyingine, kabla hujamlipa mtu hela.

Sasa cha kwanza kabisa, kabla hujashika spana, fungua ufunguo bila kupiga selfu na usikilize. Zima redio, waambie na wenzako wanyamaze. Pampu inatakiwa ilie vuuuu kama sekunde 2 au 3 afu inyamaze. Hiyo sauti inakwambia fyuzi ya pampu nzima, rilei (swichi inayoipa pampu umeme) inashika, kompyuta ina uhai. Usipoisikia kabisa, tatizo lako ni umeme na wala usifungue plagi: angalia ile swichi nyekundu ya kuzimia kwenye usukani (wacheke tu wanaocheka, mimi nimeshasumbuka nusu saa Mikindani kumbe mtoto kaibonyeza), angalia fyuzi moja moja, afu soketi za waya chini ya siti. Sisi wa huku pwani chumvi inakula soketi, ukiichomoa unakuta kijani kijani ndani, safisha rudisha. Na kama pikipiki inalala kwenye stoo ya korosho basi kagua waya wote, panya wa stoo hawana huruma.

Kuna nyingine iliwahi kunitokea kule Msimbati kwenye ule mchanga. Nilianguka kidogo tu, aibu kuliko maumivu, nikainyanyua, selfu inazunguka, haiwaki. Nikaanza kuwaza makubwa. Kumbe pikipiki nyingi za hivi zina sensa ya kulala, ikilala chini inakata mafuta na moto wa plagi ili isije ikaungua, na ukiisimamisha haijirudishi yenyewe mpaka uzime ufunguo, usubiri kidogo, uwashe upya. Ndo hivyo tu, ikawaka. Jamaa aliyekuwa nyuma yangu alikuwa ameshaanza kufungua tenki.

Taa ya injini nayo iangalie. Ukifungua ufunguo inawaka, inakaa sekunde chache, inazima, hapo salama. Ikibaki inakonyeza basi inaongea na wewe, kwenye Honda nyingi konyezo refu moja ni kumi na fupi ni moja, kwaiyo refu moja na fupi mbili ni 12, hiyo ni injekta au waya zake. Fupi saba ni sensa ya joto la injini. Hesabu, andika, ndo umpigie fundi. Ila taa kuzima haimaanishi kila kitu kiko sawa, kompyuta haijui umeweka nini kwenye tenki.

Turudi chini ya mkorosho. Pampu yangu ilikuwa inalia vizuri. Taa imezima vizuri. Betri nzima. Tukachomoa plagi, na hapa ndo penye elimu yote maana plagi inakugawia shamba katikati: ikitoka kavu baada ya kupiga selfu muda mrefu, mafuta hayafiki, tafuta upande wa pampu, filta, injekta. Ikitoka imelowa petroli, mafuta yanafika ila hayawaki, tafuta upande wa moto, yaani plagi yenyewe, koili inayoipa plagi umeme wa cheche, au injini imekunywa mafuta kupita kiasi. Yangu ikatoka imelowa chapachapa. Nikajiona mjanja, nikasema imekunywa, nikaikausha nikarudisha, nikavuta ekseleta mpaka mwisho nikapiga selfu maana ukifanya hivyo, kwenye nyingi kompyuta inapunguza au inakata mafuta ili injini ijikaushe. Wapi. Tukajaribu moto, plagi imegusishwa kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake (usiiache inaning'inia hewani huku unapiga selfu, unaweza kuua koili au kompyuta, na mvuke wa petroli pale kwenye tundu ukidaka cheche utajuta), moto ukatoka wa bluu mzuri tu.

Mafuta yapo, moto upo, haiwaki. Nikakaa chini nikala embe.

Aliyenitoa ni mzee mmoja alikuwa anaangalia tu muda wote, akaichukua ile plagi akainusa. Akasema hii hainuki. Nikainusa na mimi, kweli, hamna harufu ya petroli, na ukiangalia vizuri yale matone yamekaa kama umande, hayakauki. Petroli ingekuwa imeshapaa zamani kwa jua lile. Yalikuwa maji.

Tukatoa tenki. Hapa angalizo, paipu inayotoka kwenye pampu kwenda injekta ina presha, kwenye nyingi ni kama bar 3, kwaiyo zungushia kitambaa unapoichomoa, injini iwe imepoa na asiwepo mvuta sigara jirani. Tukaweka mdomo wa paipu kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyo tupu, waya wa pampu tumeurudisha, nikafungua ufunguo, ikasukuma zile sekunde zake ikanyamaza. Tukaiacha chupa itulie. Petroli ni nyepesi kuliko maji kwaiyo inapanda, na pampu inanyonya chini ya tenki, maana yake hata maji kidogo tu yanatangulia yenyewe kwenda kwenye injini. Chini ya ile chupa yakajitenga peupe kabisa, maji chini petroli juu, mstari unauona kwa macho.

Sitaki kumsema vibaya yule mwenye meza, pengine na yeye kauziwa hivyo au mvua iliingia kwenye dumu, sijui. Ila na mimi hela yangu ilikuwa halali.

Tukamwaga tenki lote, tukasuuza na petroli kidogo kutoka kwenye boda ya mmoja wao, tukarudisha, nikafungua na kufunga ufunguo mara nne tano bila selfu ili pampu isukume yaliyobaki kwenye paipu. Plagi ikakaushwa. Selfu sekunde tano, pumzika, tano tena, usiikandamize mpaka ichemke. Mara ya kama nane ikakohoa moshi mweupe, ikazima, ya tisa ikashika. Newala nilifika mnada umeshaisha, shemeji hakuongea na mimi mpaka jioni.

Sasa hivi nikinunua mafuta ya pembeni, nikikosa ujanja, naomba yamiminwe kwanza kwenye chupa angavu nikae nayo dakika chache. Wengine wananuna, nawaacha wanune. Na yule fundi nilipita tena mwezi uliofuata nikamkuta amelaza sikio juu ya tenki la pikipiki ya afisa kilimo, amewanyooshea wenzake kidole wanyamaze, nao wanacheka wanamuuliza kama anapima ujauzito.