Ukifungua studio, usiigeuze duka

Siku za kufungua milango ya studio kwa wageni zikikaribia, wasanii wenzangu huuliza swali lilelile: nifagie nini, nifiche nini? Jibu langu huwaudhi baadhi yao. Fagia njia ya kupita, ficha vyenye sumu na vyenye makali, vingine viache. Anayetaka picha zilizonyooka ukutani na vibao vidogo chini yake anajua galari iko wapi. Aliyepanda ngazi mpaka chumbani kwako amekuja kuona kazi inavyozaliwa, na ukimfichia hilo atazunguka mara moja, aseme "hongera sana", kisha aondoke.

Mimi ni mtu wa chapa za mbao: nachonga picha kwenye ubao, kisha naipiga chapa kwenye karatasi. Jengo letu lina pia mchoraji wa rangi za mafuta, mfinyanzi na dada mmoja mfumaji, na siku hiyo tunafungua wote kwa pamoja. Mchanganyiko huo ndio unaovuta watu: aliyefuata vyungu hupita kwangu akielekea huko, na aliyekuja kwangu humkuta mfumaji kitandani pa kazi yake. Kitanda cha mfumi, namaanisha, kile cha kufumia nguo, maana kuna mgeni aliwahi kukitafuta cha kulalia.

Jambo la kwanza ninalomshauri kila mtu ni kuwa na kazi mkononi. Msanii aliyekaa nyuma ya meza amekunja mikono humtia mgeni aibu. Mgeni huhisi anapimwa kama atanunua. Ila chagua kazi inayovumilia kukatizwa. Mimi siku ya wageni sichongi hata kidogo, kwa sababu patasi huteleza mara tu unapoinua macho kumjibu mtu. Ubao nakuwa nimeuchonga mapema. Kilichobaki ni kuupiga chapa.

Namwaga wino kidogo kwenye kioo, naupitisha rola huku na huku mpaka uanze kulia tss-tss-tss, dalili kwamba umesambaa sawasawa. Naupaka ubao, nalaza karatasi juu yake, kisha nampa mgeni kijiko cha mti asugue mgongo wa karatasi. Mwanzoni husugua kwa woga, kana kwamba karatasi itapiga kelele. Namwambia akandamize, hasa kwenye pembe, ndizo husahaulika. Halafu ananyanyua karatasi mwenyewe, polepole, kuanzia kona moja, na kukuta ndege aliyekuwa akitazama kushoto kwenye ubao sasa anatazama kulia. Hapo hata aliyeingia akisema sanaa si mambo yake huanza kuuliza maswali.

Na swali mojawapo litakuwa: "Kwa hiyo hizi ni kopi?" Usinune. Mweleze kwamba kila karatasi imepigwa kwa mkono, na ndiyo maana hakuna mbili zinazolingana kabisa. Muonyeshe ile 4/25 iliyoandikwa kwa penseli chini ya picha: ni chapa ya nne katika toleo lenye chapa 25, na toleo likiisha, ubao haupigwi tena. Nimeona watu wakirudi ukutani na kuanza kusoma namba moja baada ya nyingine.

Sasa, wale wenye kazi za kila aina. Kuna rafiki yangu anayechora, anachonga na kufinyanga, na kila mwaka huhofu kwamba wageni watamwona hana msimamo. Mimi namwambia asipange kwa malighafi, picha huku na vinyago kule. Apange kwa wazo. Mchoro wa haraka wa mwanamke anayebeba maji, kisha sanamu yake ya udongo, kisha turubai lake, vyote upande mmoja. Mgeni anaona mkono mmoja ukihangaika na jambo moja kwa njia tatu, na hapo utofauti unakuwa na maana. Kazi ambayo haijaisha iwekwe pia, tena mahali pa wazi.

Ukutani weka chache. Katikati ya picha pawe kama sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, ndipo macho ya mtu mzima aliyesimama hufika bila shida. Zilizobaki zitie kwenye kasha au jalada kubwa mezani. Watu wanapenda kupekua. Nimeona mtu akipita ukuta mzima kwa dakika moja halafu akaganda kwenye kasha.

Usalama ndio sehemu ninayoisisitiza mpaka wenzangu wananichoka. Matambara yenye mafuta ya kitani yakiachwa yamekunjamana kwenye pipa yanaweza kuwaka yenyewe, bila kiberiti. Mafuta hayo hukauka kwa kufyonza oksijeni, na kitendo hicho hutoa joto. Tambara likiwa limejikunja, joto hukosa pa kutokea. Yatandaze nje moja moja yakauke, au yatumbukize kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko. Wafinyanzi nao wasifagie udongo mkavu kabla ya wageni, kwani vumbi lake lina silika, madini yanayodhuru mapafu. Pangusa kwa kitambaa chenye maji. Tanuri lililochoma kwa nyuzi 1,200 za Selsiasi linaweza kuchukua siku nzima au zaidi kupoa, basi usilichome usiku wa kuamkia siku yenyewe huku ukijua watoto watakuja. Na turubai ambalo rangi yake bado mbichi lisimame mbali na mabega ya wapita njia. Rangi nene ya mafuta inaweza kukaa miezi bila kukauka ndani, hata kama juu inaonekana shwari.

Bei ziandike. Zisipoandikwa, mwenye haya hataziuliza na mwenye ujasiri ataanza kupatana. Kama unauza pia kupitia galari, usishushe bei studioni eti kwa sababu hapa hakuna kamisheni, ile sehemu ya bei inayochukuliwa na galari. Galari ikisikia, na itasikia, utakuwa umeipoteza.

Mgeni aliyepiga chapa yake mwenyewe atataka kuondoka nayo. Asiondoke nayo. Wino wa mafuta huhitaji siku kadhaa kukauka, na ukikunjwa mbichi huchafua karatasi na nguo. Mimi huandika jina lake nyuma kwa penseli, naitundika kwenye kamba, na kumwambia apitie wiki ijayo. Wengi hupitia. Siku hiyo hakuna umati, tunakaa, ananiuliza yale aliyoona haya kuuliza mbele za watu, na mauzo yangu mengi hufanyika hapo.